Uzito Uliozidi kwa Mbwa na Paka: Kuutambua na Kuudhibiti

Uzito uliozidi ni hali ya mwili kuweka akiba ya mafuta kupita mahitaji yake, hadi mafuta hayo yakaanza kudhuru viungo na kufupisha maisha. Kwa mbwa na paka, madaktari wa mifugo hutumia kipimo chepesi kukumbuka: mnyama aliyepita uzito unaomfaa kwa asilimia 10 hadi 20 ana uzito uliozidi, na aliyevuka asilimia 20 ni mnene wa kiwango cha ugonjwa. Asilimia hizo huonekana ndogo mpaka zigeuzwe kuwa kilo. Paka anayestahili kuwa na kilo 4 akifika kilo 5 amejiongezea robo nzima ya mwili wake, ingawa machoni pa watu wa nyumbani amependeza tu.

Hali hii imeenea mno katika nchi ambako wanyama wengi hufugwa ndani ya nyumba. Nchini Marekani, uchunguzi wa mwaka 2022 uliofanywa na Association for Pet Obesity Prevention ulikuta asilimia 59 ya mbwa na asilimia 61 ya paka waliopimwa wana uzito uliozidi au ni wanene kabisa. Katika Afrika Mashariki, mbwa wa kijijini anayezunguka kutafuta riziki yake kwa kawaida hana tatizo hilo. Tatizo lake ni njaa. Lakini Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wapo mbwa na paka wanaoishi ndani ya ukuta au ghorofani, wanaolishwa asubuhi na jioni na kuongezewa vitu vya hapa na pale, wasio na mahali pa kukimbia. Mazingira yanayozaa unene kwingineko yapo pia kwao.

Mnyama wa nyumbani hajinunulii chakula wala hajipakulii. Karibu kila kinachoingia tumboni mwake kimepita mikononi mwa binadamu. Kwa sababu hiyo unene ni miongoni mwa magonjwa machache ambayo mwenye mnyama anaweza kuyazuia kwa uamuzi wake mwenyewe, na uamuzi huo huanza kwa kupima: kupima mwili wa mnyama, na kupima chakula chake.

Chanzo cha unene

Kanuni ya msingi ni moja: nishati inayoingia ikizidi inayotumika, ziada hugeuka kuwa mafuta. Nishati hupimwa kwa kilokalori. Mbwa wa kilo 10 aliyelala tu mchana kutwa huhitaji takriban kilokalori 390 kwa siku kuendesha moyo, mapafu na viungo vyake vingine. Chapati moja iliyokandwa kwa gramu 60 za unga wa ngano na kupikwa kwa gramu 10 za mafuta ina takriban kilokalori 300. Mtoto akimrushia mbwa huyo chapati iliyobaki mezani, amempa zaidi ya robo tatu ya nishati hiyo, na bakuli lake la jioni bado liko palepale. Kwa paka, mtego mara nyingi ni maziwa. Kikombe cha mililita 200 kina zaidi ya kilokalori 120, ilhali paka wa kilo 4 akiwa amepumzika huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku nzima. Tena paka wengi wakubwa hawana uwezo wa kumeng'enya vizuri sukari ya maziwa, hivyo kikombe hicho huweza kuwaletea hata kuharisha.

Kuhasiwa nako hubadilisha mahesabu. Dume aliyehasiwa au jike aliyetolewa kizazi hutumia nishati kidogo kuliko awali, huku hamu yake ya kula ikiongezeka. Operesheni hiyo ina manufaa makubwa, ikiwa ni pamoja na kuzuia watoto wasiotakiwa na baadhi ya magonjwa ya uzazi, kwa hiyo si jambo la kuogopwa. Kinachotakiwa ni kipimo cha chakula kupunguzwa mara baada ya operesheni, badala ya kungoja mpaka tumbo lianze kuonekana.

Umri huchangia, kwa kuwa mnyama wa makamo hucheza kidogo kuliko mtoto. Makazi huchangia pia. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa bandani kuanzia alfajiri hadi usiku, kisha akafunguliwa na kulala karibu na geti, hafanyi kazi kubwa ya mwili, hata kama ana jina la kazi. Mara nyingi hupewa ugali mwingi uliochanganywa na dagaa au mapupu kwa imani kwamba mlinzi sharti awe na mwili mkubwa. Mwili mkubwa wa mafuta hauwezi kukimbiza mtu.

Urithi nao una sehemu yake, na aina ya mbwa iliyochunguzwa zaidi kwa jambo hili ni Labrador.

Ushahidi wa mbwa wa Labrador

Labrador anajulikana kwa tabia ya kutoshiba. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Eleanor Raffan, walitangaza kwamba wamegundua sehemu ya sababu. Katika jeni iitwayo POMC, baadhi ya mbwa hao wamepoteza kipande kidogo cha maelezo ya urithi, na kwa upungufu huo ubongo haupokei vizuri taarifa kwamba mwili umeshiba. Karibu robo ya Labrador wana angalau nakala moja ya kasoro hiyo, na kila nakala huambatana na ongezeko la takriban kilo 2. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba mbwa wenye kasoro hiyo hupata njaa haraka kati ya mlo na mlo, na pia mwili wao ukiwa umepumzika hutumia nishati pungufu kwa takriban robo. Wamebanwa pande zote mbili: wanatamani zaidi na wanatumia kidogo.

Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. Kwanza, mbwa anayeomba chakula kila saa si lazima awe na njaa ya kweli, wala si mkaidi. Huenda ameumbwa hivyo. Pili, urithi si hukumu. Wapo Labrador wenye kasoro hiyo ambao si wanene, kwa sababu wenyewe wamewapimia chakula kwa uangalifu zaidi.

Labrador ndio waliotoa pia ushahidi mzito kuhusu urefu wa maisha. Utafiti mmoja ulifuatilia mbwa 48 wa aina hiyo tangu wakiwa wachanga hadi kufa kwao. Walipangwa wawili wawili, jinsia moja na kutoka uzao mmoja. Katika kila jozi, mmoja alipewa asilimia 25 pungufu ya chakula alichokula mwenzake. Chakula kilikuwa kilekile, kiasi ndicho kilichotofautiana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Umri wa wastani wa kufa kwa waliokula zaidi ulikuwa miaka 11.2, na kwa waliopunguziwa ulikuwa miaka 13. Nusu ya mbwa waliokula zaidi walikwisha kuhitaji tiba ya kudumu ya maumivu ya viungo walipofika miaka 10.3, katika kundi jingine nusu hiyo ilifikiwa kwenye miaka 13.3.

Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba waliokula zaidi hawakuwa wanene wa kutisha. Wengi wao walikuwa na uzito wa kupita kiasi kidogo tu, mbwa ambao mgeni akiwaona angesema wametunzwa vizuri. Ziada hiyo ndogo ndiyo iliyowagharimu karibu miaka miwili ya maisha na miaka mitatu ya kutembea bila maumivu.

Mwaka 2019 watafiti wengine walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za kliniki za zaidi ya mbwa 50,000 wa aina 12 nchini Marekani. Katika aina zote 12, mbwa wenye uzito uliozidi waliishi muda mfupi zaidi. Tofauti ilianzia takriban miezi 5 kwa madume ya German Shepherd hadi miaka 2 na nusu kwa madume ya Yorkshire Terrier.

Madhara mwilini

Mafuta hayakai tu mwilini kama mzigo. Tishu ya mafuta hutengeneza kemikali zinazoingia kwenye damu, na baadhi yake huchochea uvimbe wa ndani unaoendelea polepole kwa miaka. Ndiyo maana maungo ya mnyama mnene huumia kwa njia mbili, kwa kubeba uzito na kwa kuchokozwa na kemikali hizo.

Kwa mbwa, madhara ya kawaida ni kulika kwa maungo, kukatika kwa ukano wa goti, na matatizo ya uti wa mgongo, hasa kwa aina zenye mgongo mrefu na miguu mifupi kama Dachshund. Kupumua huwa kugumu, na kwa mbwa wa pua fupi kama Pug na Bulldog hali hiyo huweza kuwa ya hatari. Joto huongeza hatari hiyo. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Tabaka la mafuta huzuia joto kutoka, na katika hali ya hewa ya Pwani, yenye joto na unyevu, mbwa mnene anaweza kuzidiwa na joto kwa mwendo mfupi tu wa mchana. Mnyama mnene pia huwa mgonjwa mgumu wa kupasuliwa na kulazwa kwa dawa ya usingizi.

Kwa paka, hofu kubwa ni kisukari. Unene hufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo, na paka mnene yumo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo kuliko mwembamba. Habari njema ni kwamba paka wa kisukari akitibiwa mapema na kupunguzwa uzito, huweza kufikia hatua ya kutohitaji tena sindano za insulini. Paka mnene pia hushindwa kujilamba mgongoni na nyuma, hivyo manyoya husokotana na ngozi kuwasha, na maumivu ya viungo humfanya asipande tena mahali alipozoea kupanda. Wenye paka hudhani ni uzee.

Kutambua kwa mkono na kwa jicho

Mizani peke yake haitoshi kutambua unene, kwa kuwa wanyama wa aina moja hutofautiana ukubwa wa mifupa. Chombo kinachotumiwa na madaktari wa mifugo duniani kote ni jedwali la alama za hali ya mwili, lenye ngazi kuanzia 1 hadi 9. Alama 1 ni mnyama aliyekonda hadi mifupa. Alama 9 ni aliyenenepa kupindukia. Alama 4 na 5 ndizo zinazomfaa mbwa, na paka anafaa kuwa na 5. Kila alama inayoongezeka juu ya 5 huhesabiwa kuwa takriban asilimia 10 ya uzito uliozidi.

Uchunguzi una sehemu tatu, na mtu yeyote anaweza kuufanya nyumbani kwa dakika chache, mnyama akiwa amesimama.

Ya kwanza ni mbavu. Vidole hupitishwa taratibu ubavuni bila kukandamiza. Kiganja cha mtu hutoa mfano mzuri wa kulinganisha. Ngumi ikikunjwa, vifundo vya vidole vilivyochomoza ndivyo mbavu za mnyama aliyekonda zinavyohisika. Mkono ukikunjuliwa na kupapaswa mgongoni mwake, mifupa huhisika chini ya ngozi nyembamba. Hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuwa. Ukigeuzwa na kupapaswa upande wa kiganja, chini ya vidole, mifupa hupatikana kwa kukandamiza tu. Mbavu zinazohisika hivyo zimefunikwa na mafuta ya ziada.

Ya pili ni kiuno kikitazamwa kutoka juu. Nyuma ya mbavu, mwili unatakiwa kuingia ndani kabla ya kufika nyonga. Mwili ulionyooka kutoka mabegani hadi nyonga, au uliotokeza pembeni, umezidi uzito. Kwa mbwa wenye manyoya marefu, jicho hudanganyika, hivyo mikono miwili hutumiwa kufuatisha mkato wa mwili chini ya manyoya.

Ya tatu ni tumbo likitazamwa kutoka ubavuni. Mstari wa tumbo la mbwa unatakiwa kupanda kuelekea miguu ya nyuma. Kwa paka panahitajika uangalifu: paka wengi wenye afya wana ngozi iliyolegea inayoning'inia chini ya tumbo na kutikisika wanapotembea. Ngozi hiyo ni ya kawaida. Ikiwa nyembamba na tupu inapokamatwa si dalili ya unene. Ikiwa imejaa na nzito, ni mafuta. Kwa mbwa, mafuta ya ziada hupenda pia kujikusanya mwanzoni mwa mkia, ambako mkono hukuta tuta laini mahali penye mifupa.

Uchunguzi huu hurudiwa kila mwezi. Watu wanaomwona mnyama kila siku ndio wa mwisho kuona mabadiliko yake, na pale ambapo unene huhesabiwa dalili ya neema, mkono husema kweli kuliko macho.

Kupima kwa mizani hufuata. Mbwa mdogo au paka hubebwa na mtu aliyesimama juu ya mizani ya nyumbani, kisha uzito wa mtu hutolewa. Mbwa mkubwa hupelekwa kliniki. Uzito wa mnyama akiwa amekomaa tu, akiwa bado mkakamavu, ndio alama bora ya kulinganishia maisha yake yote, kwa hiyo unafaa kuandikwa kwenye kadi yake ya chanjo.

Matumbo yasiyo ya unene

Si kila tumbo kubwa ni mafuta. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo lililovimba na mbavu zinazoonekana mara nyingi ana minyoo. Jike huenda ana mimba, au kizazi chake kimejaa usaha, na hilo la pili ni jambo la dharura. Maji huweza kujaa tumboni kwa ugonjwa wa moyo au ini. Mbwa mwenye tumbo la kuning'inia, anayekunywa maji na kukojoa kupita kawaida, na ambaye manyoya yake yananyonyoka, huenda ana ugonjwa wa tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Mbwa anayenenepa bila kula sana, mzito wa kutembea, huenda tezi yake ya thairoidi iliyoko shingoni imedhoofika. Baadhi ya dawa nazo, kama vile steroidi na fenobabito inayotumika kwa kifafa, huongeza hamu ya kula. Kwa sababu hizo, mpango wowote wa kupunguza uzito huanzia kwa daktari wa mifugo, hata kama wenyewe wana hakika kwamba kosa ni la chakula.

Kupanga mlo

Chakula ndicho kinachopunguza uzito. Mazoezi husaidia, lakini hayawezi kushindana na bakuli lililojaa.

Hesabu huanza na uzito unaotafutwa. Kwa mfano, Labrador wa kilo 40 mwenye alama 8 amezidi kwa takriban asilimia 30. Uzito unaomfaa ni kama kilo 31. Kwa wanyama wa kilo 2 hadi 45, njia rahisi ya kukadiria nishati ya mapumziko ni kuzidisha kilo hizo mara 30 na kuongeza 70. Mbwa huyu atapata kilokalori 1,000 kwa siku, na hicho ndicho kiwango cha kuanzia. Katika hizo, 100 zinaweza kutengwa kwa vitafunwa na zawadi, kwa kuwa kanuni ni zisizidi asilimia 10. Zinabaki 900. Ikiwa pakiti ya chakula chake inaonyesha kilokalori 360 kwa kila gramu 100, atapewa gramu 250 kwa siku, yaani gramu 125 asubuhi na 125 jioni.

Gramu hupimwa kwa mizani ya jikoni. Kikombe, kopo na makadirio ya mkono hukosea sana, na kosa dogo likirudiwa kila siku hurudisha mafuta yote yaliyopotea. Aidha, kupunguza nusu ya chakula cha kawaida kwa mkupuo hakufai, kwa kuwa mnyama atapungukiwa protini, vitamini na madini pamoja na nishati. Vipo vyakula vilivyotengenezwa kwa kupunguza uzito, vyenye protini na nyuzinyuzi nyingi kwa nishati kidogo, na penye uwezo wa kuvinunua ndivyo vinavyofaa zaidi.

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki humpikia mbwa ugali au wali pamoja na dagaa, utumbo au mapupu. Mlo huo unaweza kurekebishwa. Unga upimwe ukiwa mkavu, kwani maji hubadilisha uzito wa ugali lakini hayabadilishi nishati yake. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kilokalori 360. Sehemu ya ugali ipunguzwe, nyama isiyo na mafuta au samaki ibakie, na mafuta ya kupikia yaachwe kabisa, kwa kuwa kijiko kimoja kikubwa kina kilokalori 120. Mboga kama karoti na maharagwe machanga ya kijani, yaliyochemshwa bila chumvi, hujaza tumbo kwa nishati ndogo. Vitunguu vya aina zote visitiwe, kwani ni sumu kwa mbwa na paka, wala mifupa iliyopikwa isitolewe. Daktari aulizwe kuhusu nyongeza ya madini, hasa kalsiamu.

Ugumu mkubwa hauko jikoni bali katika idadi ya mikono. Baba humpa kipande cha mkate, watoto humwachia makombo, msaidizi wa nyumbani humwonea huruma, mlinzi wa getini hugawana naye chakula cha usiku. Kila mmoja anajua alichotoa yeye, hakuna anayejua jumla. Suluhisho lililo jepesi ni kopo moja. Kila asubuhi chakula cha siku nzima cha mnyama hupimwa na kutiwa kwenye kopo lenye mfuniko. Yeyote anayetaka kumpa chochote, huchota humo. Kopo likiisha, siku imekwisha. Nyumba yenye mbwa wawili hulisha kila mmoja mahali pake, na mabakuli huondolewa baada ya robo saa.

Mbwa anayeomba kwa macho anaweza kupewa kitu kingine anachokithamini: kutembezwa, kuchezewa, kusuguliwa manyoya. Mara nyingi anachotaka ni mtu wake.

Dawa si njia ya mkato. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha dawa ya kupunguza uzito wa mbwa iitwayo dirlotapide, lakini baadaye iliondoka sokoni. Dawa za binadamu za kupunguza uzito zisitolewe kwa mnyama bila daktari wa mifugo.

Tahadhari ya pekee kwa paka

Paka hawezi kunyimwa chakula ili akonde. Paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na ini hushindwa kufanya kazi. Hali hiyo huua. Dalili zake ni kukataa chakula, kutapika na ngozi ya masikio au ufizi kuwa ya manjano. Paka mnene aliyeacha kula kwa siku nzima apelekwe kwa daktari bila kusubiri.

Kwa hiyo mwendo wa paka ni wa polepole. Paka wa kilo 6 mwenye alama 8 anatakiwa kufikia takriban kilo 4.6. Nishati ya mapumziko kwa uzito huo ni kilokalori 208, na paka hupewa asilimia 80 yake, yaani kama 166 kwa siku, akigawiwa mara tatu au nne. Chakula kipya huchanganywa na cha zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, kwani paka huweza kususa chakula alichobadilishiwa ghafla. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake: anahitaji protini nyingi na taurini, ambayo hupatikana kwenye nyama na samaki. Mlo wa ugali na mchuzi haumfai, awe mnene au mwembamba. Bakuli linalobaki wazi mchana kutwa huondolewa, na chakula chenye majimaji husaidia kwa kuwa hushibisha kwa nishati kidogo.

Mazoezi

Mazoezi hulinda misuli wakati mafuta yanapungua. Mbwa mnene huanza na matembezi mafupi ya dakika 10, mara mbili kwa siku, alfajiri au baada ya jua kuzama, kisha muda huongezwa kila wiki. Lami ya mchana huunguza nyayo, na joto la mchana ni hatari kwake. Kuogelea kunafaa sana kwa mwenye maumivu ya viungo. Kuruka juu na kurushiwa mpira mara nyingi mfululizo huahirishwa mpaka uzito upungue, kwa ajili ya magoti. Paka hucheza kwa vipindi vya dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, akikimbiza kamba au kipande cha karatasi. Punje za chakula zinaweza kufichwa sehemu mbalimbali za nyumba ili azitafute.

Kufuatilia na kudumisha

Mnyama hupimwa kila baada ya wiki mbili, kwenye mizani ileile, na tarakimu huandikwa. Mbwa anatakiwa kupungua asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Paka asilimia 0.5 hadi 1. Labrador wa kilo 40 aliyetajwa atapoteza kama gramu 400 kwa wiki, na safari yake itachukua takriban miezi 6 au zaidi. Paka wa kilo 6 atahitaji miezi 6 hadi mwaka. Uzito usiposhuka kwa vipimo viwili mfululizo, kwanza hutafutwa mkono unaolisha kwa siri, kisha nishati hupunguzwa kwa asilimia 5 hadi 10. Ukishuka haraka kupita viwango hivyo, chakula huongezwa.

Matunda huanza kuonekana kabla ya safari kwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu mbwa wanene wenye maumivu ya maungo ulionyesha kwamba kuchechemea kulianza kupungua walipopoteza zaidi kidogo ya asilimia 6 ya uzito wao. Kwa Labrador wa kilo 40 hizo ni kama kilo 2 na nusu.

Uzito unaofaa ukishafikiwa, chakula huongezwa kidogo kidogo mpaka mizani itulie, na kipimo hicho ndicho hudumishwa. Mnyama aliyewahi kuwa mnene hurudi kunenepa kwa urahisi, hivyo kupima kila mwezi hakuachwi. Watoto wa mbwa, hasa wa aina kubwa, hulindwa tangu mwanzo, kwa kuwa unene wakati mifupa inakua huweza kuharibu nyonga kwa maisha yote.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu, na hakuhitaji chombo cha gharama. Kila mwenye mbwa au paka apitishe mkono ubavuni mwa mnyama wake leo, aandike uzito wake, na kuanzia mlo unaofuata apime chakula kabla ya kukitia bakulini.